Kafi la Babu Juu ya Jiko la Bi Arvilla

Jumanne, 9 Aprili

Barafu bado ipo ziwani. Imebadilika rangi, kijivu kama maji ya kufulia, lakini ipo. Barabara ni matope hadi vifundoni. Aprili ya jimbo letu la Maine: si baridi ya maana, si joto la maana, ni adha tu.

Marcy alipiga simu asubuhi. Harusi ni tarehe kumi na tano Juni, hapa hapa ziwa Pickett. Binti yangu anataka kuvushwa kwa mashua kutoka gati la kijiji hadi kanisa dogo, na anayemvusha atumie kafi alilochonga babu yangu. Akaanza kunieleza habari ya hilo kafi. Nikamkatiza. Nikamwambia, mwanangu, hilo niachie mimi, hesabu limeshafika. Akasema, lakini baba. Nikamwambia hakuna cha lakini.

Tatizo dogo: kafi liko jikoni kwa Arvilla Cyr. Limetundikwa juu ya jiko, huu mwaka wa tisa.

Babu alikuwa fundi hodari na mtu asiye na akili ya biashara. Alichonga kafi zuri kuliko yote, kisha akaligawa kwa kijiji! Tangu hapo ni desturi. Kila masika barafu ikiachia, mtu wa kwanza kupiga kafi kutoka gati la kijiji hadi ukuta wa kinu cha zamani ng'ambo ya ziwa, bila kukanyaga barafu wala nchi kavu, anakaa nalo mwaka mzima. Arvilla ana miaka sabini na sita. Ndiye aliyeendesha basi la shule nilipokuwa na meno ya utoto. Mpaka leo ananiita mwanangu mbele za watu. Mimi mtu wa miaka hamsini na sita.

Glenda, mke wangu, anauliza kwa nini nisiende tu nikaliazime. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, anasema. Nikamjibu kafi haliko mvunguni, liko juu ya jiko. Sisi akina Frye hatuombi. Na mtu kuomba kitu cha babu yake mwenyewe ni aibu mara mbili.

Nina mpango.

Alhamisi, 11 Aprili

Mpango ni majivu. Ukimwaga majivu meusi juu ya barafu, yanavuta jua, na barafu ya chini yake inaliwa haraka. Nitachora mstari mrefu kando ya ufuko wetu wa mashariki, kutoka gatini hadi ukutani. Arvilla atakaa kungoja ziwa zima lifunguke. Mimi nitakuwa na njia yangu. Desturi haisemi ziwa liwe wazi lote. Inasema kuvuka tu.

Nimezunguka na pikapu kukusanya. Kila nyumba hapa ina jiko la kuni na kila mtu anafurahi kuondolewa majivu. Nimesema ni ya bustani ya vitunguu. Ludger Michaud, mwenye duka, amesema hiyo bustani lazima iwe shamba. Huyo ndiye mwamuzi wetu wa kuvuka, kwa sababu ana kibaraza kinachotazama ziwa, na ana darubini.

Arvilla amenipa ndoo nne bila kuuliza neno. Kafi lilikuwa pale pale juu ya kichwa chake, linang'aa. Analipaka mafuta, bibi huyu! Akaniambia ndoo ya mwisho imezolewa asubuhi hii, bado ina makaa, niiache nje hadi kesho. Nikamwambia Bi Arvilla, nimeishi na majivu maisha yangu yote.

Kiti cha pikapu kimeungua. Upande wa Glenda.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeamka alfajiri kumwaga majivu. Barafu ya sasa haiaminiki, kwa hiyo nililala kifudifudi juu ya kayaki yangu, kile kimtumbwi cha mtu mmoja, nikajivuta kwa kuchoma barafu kwa bisibisi mbili, ndoo mbele yangu. Unajivuta, unamwaga. Unajivuta, unamwaga. Upepo ulikuwa wa usoni. Nusu ya majivu nimeyameza.

Lakini mstari umetokea. Mweusi, mnyoofu, wa kupendeza. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Jioni, chakula cha maharage cha kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Mazungumzo yote ni mstari mweusi. Mmoja anasema ni mafuta. Mwingine anasema ni bata wamefanya mkutano. Ludger akauliza kwa sauti kama vitunguu siku hizi vinapandwa majini. Nikacheka pamoja nao. Arvilla hakucheka. Alitazama kucha zangu, akanipa sahani ya pili ya maharage, akasema, "Kula mwanangu, kazi ya alfajiri inachosha."

Wakati wa kutoka, theluji ilikuwa inaanguka. Kubwa kubwa, nyeupe, taratibu. Juu ya mstari wangu.

Nimechoka na mbingu.

Jumanne, 16 Aprili

Theluji imeyeyuka na mstari unafanya kazi! Kando ya ufuko wetu pana ufa wa maji, upana wa kayaki na nafasi kidogo. Siku mbili tatu za jua na njia itakuwa tayari. Glenda ametazama kwa dirisha, akasema ndiyo, kuna maji. Kwa Glenda hiyo ni sifa kubwa.

Nikaona nifanye mazoezi. Mito hufunguka kabla ya maziwa, basi nikaenda na kayaki mtoni, upande wa juu wa daraja, maji yanakotokea. Panya walikuwa wamekaa ndani yake msimu wote wa baridi. Wamekula kiti. Nikakalia taulo.

Sina ovaroli lile lisiloingiza maji ambalo wapiga kafi wa masika huvaa. Nilivaa jaketi la kuokolea, na suruali yangu ya mpira ya kuwindia bata, inayofika kifuani. Mpira ni mpira, nilijiambia.

Maji ya theluji yana nguvu isiyo na adabu. Kona ya kwanza nilipita vizuri. Ya pili kulikuwa na mti umelala mtoni. Nilijaribu kuusukuma kwa mkono. Mti haukwenda popote. Mimi nilikwenda.

Ile suruali ilijaa maji mara moja. Sikuweza kusimama, sikuweza kupumua, na naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa. Kisha mtu akanishika ukosi wa nyuma na kunikokota hadi kwenye matawi makavu. Ovaroli la njano. Miaka sabini na sita. Naye alikuwa mazoezini.

Amenipa kahawa ya moto kutoka chupa yake. Amesema suruali kama ile imeshawazika wanaume wenye akili kuliko mimi. Amesema ovaroli la marehemu mumewe bado lipo, nikalichukue. Nikamshukuru, nikakataa. Akauliza hali ya Marcy, akaanza, "Delmont, kuhusu hilo kafi na harusi…" Nikaona anataka kunitambia. Nikamkatiza kwa habari ya upepo. Nilizungumzia upepo mpaka kahawa ikaisha.

Glenda hajui. Nimemwambia nguo zililowa kwa mvua. Hakukuwa na mvua. Hakuuliza.

Ijumaa, 19 Aprili

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimevaa blanketi mbili.

Asubuhi njia yangu ilikuwa wazi kutoka gatini hadi ukutani. Bahari ya Shamu haikupasuka vizuri hivyo. Ziwa lote lililobaki limefunikwa, na Arvilla hana pa kupita. Kayaki yangu ilikuwa tayari kwenye gati langu la mbao. Nikasema ninywe chai kwanza, maana mshindi hakimbii.

Wakati wa chai upepo ukageuka. Ukaanza kuvuma kutoka magharibi.

Sasa, barafu ya ziwa huwa imeshika ufukoni. Huko kushika ndiko kunakoizuia kutembea. Na mimi, kwa majivu yangu mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimeikata ufukoni upande mzima wa mashariki. Ilibaki kusukumwa tu. Ilisukumwa. Barafu yote ya ziwa Pickett ilikuja kwangu. Ilifunga njia yangu kwanza. Kisha ikapanda gati langu na kulivunja. Kisha ikapanda nyasi, polepole, kwa kelele ya vyombo vinavyooshwa na mtu mwenye hasira, ikala pembe ya banda.

Upande wa magharibi, maji. Buluu, mapana, safi, kutoka gati la kijiji hadi ukutani. Mtu angeweza kupitisha meli.

Glenda alisimama mlangoni na kikombe chake. Alisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha akaenda kutafuta utepe wa gundi, kwa kuwa aliniona nikiichomoa kayaki chini ya barafu na kuona tundu lililokuwa ubavuni. Mke mwema, ila mdomo.

Niliziba tundu. Nikabeba kayaki kwa pikapu hadi gati la kijiji. Nilijua nimechelewa. Lakini Arvilla alikuwa bado pale, ameketi katika kayaki yake ya njano, kafi lake la kawaida magotini. Nikauliza anangoja nini. Akasema mtu hashindani peke yake.

Tukaanza. Na niseme kweli, nilikuwa mbele. Hadi katikati ya ziwa nilikuwa mbele! Niliuona ukuta. Nilimwona Ludger juu yake na darubini. Nilimwona Marcy wangu na shela, akivushwa. Mbele yangu kulikuwa na vipande vya barafu vilivyobaki, na ili nione njia kati yake nikainuka kidogo. Nikasimama, basi. Nilisimama.

Nyuma yangu ikaja ile sauti. Ile ya kwenye basi, ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

"Keti chini, Delmont!"

Nikaketi. Sikufikiri, miguu yenyewe ilikunjika. Niliketi kwa nguvu kiasi kwamba utepe wa gundi uliachia, na ziwa likaingia.

Amenivuta kwa kamba hadi ukutani, mimi nimekalia maji hadi kiunoni. Nilipofika nikamweleza Ludger kuwa kisheria tumefika pamoja, kwa kuwa tulifungwa kamba moja. Ludger alisema hata mkia wa ng'ombe hufika sokoni pamoja na ng'ombe. Watu walicheka sana. Mwaka wa kumi sasa.

Nitamwambia nini Marcy?

Jumamosi, 20 Aprili

Homa. Glenda amenipaka haradali kuanzia kifuani hadi kwenye paji la uso. Nanuka kama soseji.

Marcy amekuja kuniona. Nilikiri kila kitu, nikiwa nimegeukia ukuta ili asinione uso. Kwamba sikulipata kafi. Kwamba nilimwahidi kitu kisicho mkononi mwangu. Kwamba ataolewa bila kitu cha babu, na kosa ni langu.

Akauliza kafi gani. Lile la kwa Bi Arvilla? Alishamwomba tangu Februari. Alikwenda, akapewa donati mbili, akaomba, akakubaliwa kabla hajamaliza ya kwanza. Ndiyo maana bibi analipaka mafuta. Siku ile ya simu alikuwa ananipa habari tu, mimi nikamkatiza.

Nikauliza nani mwingine anajua. Akasema mama. Akasema na Ludger. Akasema nafikiri kijiji chote, baba.

Bi Arvilla ndiye atakayevusha. Mimi nitakaa katikati na Marcy, nimshike mkono. Amesisitiza: nitakaa.

Amenibusu kwenye paji la uso, akatoka akifuta haradali mdomoni. Nililia kidogo. Kwa furaha, na kwa hasira, na kwa haradali.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimepata nafuu. Arvilla ameleta kafi leo, limefungwa kwenye shuka safi. Sikuwa nimelishika kwa miaka thelathini. Alama za kisu cha babu bado zipo shingoni mwa kafi, na pale alipozoea kuweka kidole gumba pamelika kidogo. Kidole changu kinaingia pale pale.

Arvilla akabaki amesimama mlangoni, hataki kukaa. Akaanza, "Delmont, mimi sasa nimezeeka, mwanangu. Nimefikiri kuhusu hili kafi, baada ya harusi…"

Nikajua anakotaka kufika. Nikamkatiza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, litarudi juu ya jiko lake Jumapili inayofuata harusi, sisi akina Frye si watu wa kukaa na mali ya mtu. Alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akinitazama kwenye kile kioo cha basi, juu ya usukani. Kisha akasema haya, na akaenda zake. Glenda aliweka kikombe chini kwa kishindo. Sijui ana nini.

Niliahidi hivyo kwa sababu sasa nina mpango wa kweli. Kafi lipo mikononi mwangu hadi katikati ya Juni. Nimenunua ubao mzuri, urefu ule ule. Nimeanza kuchonga jingine bandani, kwenye pembe iliyobaki. Nitalipaka mafuta, nitachora alama za kisu, na hilo ndilo litakalorudi juu ya jiko. Macho yake si yale ya zamani.

Glenda amechungulia, akaona makafi mawili, akafunga mlango bila kusema methali. Nalichukulia kuwa ni baraka.

Takataka za kuchonga sizitupi. Nazitia kwenye ndoo. Zikiungua zitatoa majivu meusi mazuri, na mwakani, endapo kafi hili la uongo litagundulika, nitahitaji mengi. Mwaka huu nilikosea upande tu. Mwakani namwaga magharibi.