Shetani Kwenye Laptop ya Hajati

Wadau, leo nimeaibika Majengo, mchana kweupe, mbele ya kamati nzima na sahani ya karanga.

Kamati yenyewe ni ya umoja wa wauza alizeti. Wanatafuta fundi wa kompyuta wa kudumu, nami kazi hiyo nimeililia tangu mvua za mwaka jana. Mwenyekiti wao, Hajati Zuhura, aliniambia nije leo niwaonyeshe hiyo Linux, mfumo wa kompyuta ninaousifia kila siku. Wakiridhika, kazi ni yangu.

Nikaenda na laptop yangu, na cheti changu cha masomo ya jioni (hakuna aliyekiomba, nilikiweka mezani mwenyewe). Njiani nikanunua mausi mbili zisizo na waya, mapacha kabisa. Moja yangu, moja zawadi ya Hajati. Siyo rushwa. Ni adabu.

Nikampa shikamoo, nikafungua maboksi yote mawili, nikatia betri, huku nikiwahutubia juu ya upumbavu wa watu wanaong'ang'ania Windows, ule mfumo wa madirisha, kama Hajati mwenyewe. Kisha vile vidude vidogo vya kunasia mawimbi: kimoja nikachomeka kwenye laptop ya Hajati iliyokuwa mezani, kingine kwenye yangu. Bila kutazama. Mtaalamu hatazami.

Nikashika mausi yangu. Mshale haujongei.

"Draiva hiyo," nikasema, yaani programu ya kuendeshea mausi, kwa sauti ya daktari bingwa.

Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikapiga herufi kama mvua ya mawe. Linux ikanijibu kwa upole kwamba kidude inakiona na draiva ipo. Nikaidharau. Inifundishe kazi, mimi? Nikaifuta draiva, nikairudisha. Nikazima mashine, nikawasha. Nikaandika amri ndefu kutoka hapa hadi Zuzu huko nje ya mji, na mshale ukaruka!

"Mmeona?" nikasema. Mzee Chedego, mweka hazina, akapiga makofi.

Ukasimama tena. (Ule wakati uliporuka, Hajati alikuwa amesogeza mausi yake pembeni ili kikombe cha chai kipate nafasi. Sikuunganisha mambo. Nina cheti, sina akili.)

Nikaanza kuisugua mausi mezani kwa hasira, kama mtu anayesaga uwele kwenye jiwe. Hapo Hajati akavua miwani. Akasema laptop yake imeingiwa na kitu, mshale unakimbia wenyewe, umeshafunga ukurasa wa mauzo na sasa unafungua picha za harusi ya mwanawe.

Nikacheka. Lile cheko la puani. Nikaieleza kamati kwamba hivyo ndivyo mfumo wa madirisha unavyooza, kwamba virusi wamejaa mle kama kumbikumbi, na dawa ni moja tu: nifute kila kitu, niweke Linux. Hajati akashika kifua. Mauzo yote ya msimu yalikuwa mle ndani. Mzee Chedego akaanza kusali chinichini kwa Kigogo.

"Ngoja nimalize yangu, Hajati, nije nimtoe huyo shetani," nikasema, nikiendelea kusugua. "Wewe niambie tu anafanya nini."

"Anakwenda kulia."

Nikavuta mausi kushoto.

"Sasa kushoto."

Nikaizungusha.

"Anazunguka huyu. Ana wazimu."

Hata karanga zikaacha kutafunwa. Nikainua macho, nikakuta kamati nzima inatazama mkono wangu.

"Mwanangu," Hajati akasema taratibu, "hebu acha mkono."

Nikaacha.

"Katulia. Haya, sogeza kidogo."

Nikasogeza (sijui kwa nini nilitii).

"Kaamka."

Mzee Chedego akakatisha sala katikati. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama kweli nilitaka kumfutia Hajati mauzo ya msimu mzima kwa sababu ya shetani niliyemshika mwenyewe mkononi.

Nikabadilisha vile vidude, cha mausi yangu kwangu, cha mausi ya Hajati kwake. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mausi zote mbili zikatembea kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Draiva ilikuwa nzima tangu mwanzo, kama Linux ilivyoniambia. Mgonjwa pale mezani alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekuja na cheti.

Kazi? Hajati amesema watanipigia. Namba yangu hakuiuliza. Mausi ameipokea kwa shukrani.

Nilipofika mlangoni akaniita. Nikajua huruma imemwingia, nikageuka na tabasamu langu lote.

"Fundi, umesahau cheti."

Nikarudi kukichukua. Walikuwa wameshaweka maganda ya karanga juu yake.

Haya, chekeni leo mmalize. Kesho lazima nipite Majengo, na nataka nikute watu wanapima alizeti.