Tume ya Kuchunguza Koo la Lango

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe Jumamosi asubuhi, natangaza kuundwa kwa Tume Maalumu ya Kuchunguza Waafrika Waliotoroka Uafrika Wao. Makao makuu ya Tume ni benchi la Maame Serwaa, muuza fufu, ule ugali laini wa muhogo na ndizi unaotwangwa kwa mchi, wa Bantama, hapa Kumasi, Ghana. Benchi lina miguu mitatu na tofali.

Chanzo ni Redio, kinyozi wetu, ambaye habari hazimkai tumboni.

"Wamesema leo kwenye habari, ukiwa na friji na gari, wewe ni tabaka la kati."

"Kati ya nini na nini?" akauliza mjomba wangu Stepni, fundi magari.

"Kati yetu sisi na wao."

Wote tukamgeukia Lango, ambaye jina lake halisi ni Twumasi. Zamani aliuza vipuri chakavu pamoja na Stepni. Sasa ana nyumba yenye lango linalojifungua lenyewe, lakini kila Jumamosi bado anakuja kula nasi bakuli moja.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Gari lenyewe si mnalisukuma nyinyi?"

"Tunasukuma, bwana mkubwa. Anayekaa ndani nani?" akauliza Redio.

"Na mbwa wake anakula nyama ya kopo," Stepni akaongeza. "Mbwa, Redio. Mimi hapa nabishana na kichwa cha samaki."

Nikasimama, nikakohoa kama mwenyekiti wa Tume. "Waheshimiwa, dereva wake nimemwona kwa macho yangu akinunua fufu ya paketi, ile ya unga wa kukoroga."

Hata mchi wa Maame Serwaa ulinyamaza.

Stepni akalivuta bakuli upande wake. "Twumasi, ndugu yangu. Ya paketi?"

Mkono wa Lango ukabaki hewani. "Stepni, wewe unaninyima bakuli?"

"Si mimi. Tume."

Tume ikaamuru ameze tonge mbele ya mashahidi. Fufu humezwa, anayeitafuna ni mgeni, au amesahau kwao.

Lango akanawa, akakata tonge kama ngumi ya mtoto, akalichovya kwenye mchuzi wa mbuzi. Likashuka bila kugonga hodi kwa jino lolote. Redio alimpapasa shingo kutafuta ushahidi, akakosa.

"Nimehamisha vitanda," akasema Lango. "Koo sikulihamisha."

Stepni akalirudisha bakuli katikati, uso ameugeuzia barabarani. "Kula, bwana. Hii pilipili ya leo inaingia machoni."

Tukala. Tume nayo ikala kwa furaha ya kazi iliyokwisha, mpaka Maame Serwaa akainama kunitazama.

"Mwenyekiti, mbona taya lako linatembea?"

Mikono yote ikasimama.

"Nasali, Maame."

"Fungua mdomo," akasema Stepni. "Nilikupeleka shule ya bweni ukaongeze akili, kumbe umeongeza meno?"

Nikamtazama Lango anionee huruma. Alikuwa akilivuta bakuli polepole upande wake.

"Natafuna, Mjomba," nikasema. "Tangu kidato cha kwanza. Na ile paketi, dereva nilimtuma mimi. Ni ya kwenda nayo shuleni."