Baiskeli Inayobonyea

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mjukuu wangu wa kike ameleta baiskeli ndani ya nyumba. Si uani. Ndani, imeegemea kabati langu la vyombo kama mkwe asiye na haya. Ya milimani, anasema, ina springi mbele na nyuma. Nimemuuliza mbona bei yake ni nusu ya wenzake. Akasema, bibi, ni ya toleo la mwaka jana, rangi yake haikupendwa. Kweli haipendeki, kama bamia iliyolala. Lakini rahisi huvunja upishi, na hii itavunja na shingo.

Ameinunua kwa ajili ya kazi. Msitu wa mlimani unatafuta kiongozi wa kuwatembeza wageni kwenye njia za baiskeli, na kila kiongozi aje na yake. Jumamosi anajaribiwa. Akishuka salama na kwa wakati, kazi ni yake. Miaka miwili sasa anafungasha sabuni kiwandani na kurudi vidole vimechubuka. Kwa hiyo sikusema neno. Nimesema matatu tu, na moja lilikuwa jina nililompa muuzaji, si lile alilopewa na mamake.

Duka limempa siku saba za kuirudisha ikiwa na kasoro. Mwenye mali safi hatoi siku saba. Hiyo kasoro nitaipata mimi kabla haijampata yeye. Darasani sikukanyaga maishani. Herufi amenifundisha mtoto huyu, hapa hapa kwenye meza ya jikoni. Sasa nazitumia kumpeleleza. Mungu anisamehe. Meno yake nimeyangoja yaote moja moja, siwezi kuyaacha yakaokotwe mlimani.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Yeye kiwandani, mimi kwenye uchunguzi. Nimeigonga fremu kwa mwiko, nikasikiliza, kama ninavyogonga chungu kabla ya kununua. Inalia vizuri. Inatia shaka. Tairi nene, zina meno ya kung'ata udongo. Breki nimezibana, ikagoma kusogea kama punda. Nimenusa mnyororo. Mafuta mapya. Kila kitu kizuri. Mtu anayependeza kila upande ana lake jambo.

Kuna kitufe kwenye usukani. Nimekibonyeza huku nimeegemea kiti. Kiti kikazama, nami nikazama nacho, paji la uso kwenye kabati. Nimekibonyeza tena, kikaruka juu. Kiti gani kinamkimbia mwenye makalio?

Jioni mjukuu akauliza uvimbe umetoka wapi. Nikasema kabati. Si uongo. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba kiti hicho hushushwa kwenye mteremko ili mpandaji akae chini asipinduke. Akanitazama. Nami nikatazama mboga.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Nimeikalia. Nilipanda kigoda, nikashika kabati, nikaweka uzito wote. Ikabonyea! Mbele ikashuka, nyuma ikashuka, tukashuka sote kama mkate uliotolewa tanuri kabla ya wakati. Nikajua nimeshika mwizi. Kitu kizima hubeba. Kinachoinama kimechoka.

Mbio hadi dukani. Muuzaji ana ndevu zilizochanwa na sauti ya kubembeleza. Akasema mama, ndivyo ilivyotengenezwa, inabonyea ili jiwe lisimfikie aliye juu. Nikamwambia hata mlevi husema kuyumba ndivyo alivyotengenezwa. Akauliza kama mpandaji ni mimi. Nikamuuliza kama aliyemzaa anajua anachouza. Wateja wawili wakaondoka polepole. Amekataa kuipokea. Kubonyea si kasoro, anasema, na ikiacha kubonyea ndipo nimletee.

Nimerudi nikiwaza. Akikataa kuiponya yeye, nitaiponya mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimeisukuma mwenyewe hadi kwa fundi baiskeli wa kona. Jirani wa ukuta mmoja akaniona, akauliza mwenzangu umeingia mashindano? Nikasema nimeingia, na wa kwanza kugongwa ni yeye.

Fundi ni mtu wa makamo, mikono ya grisi, maneno machache. Akaeleza kwamba shokapu hizi, hizo tunazoziita springi, hujazwa upepo, na upepo hupimwa kwa uzito wa mpandaji. Akikaa, ishuke robo tu ya kimo cha shokapu. Akauliza mpandaji ana uzito gani. Hapo nikafikiri haraka. Nikasema mpandaji ni mimi.

Akanitazama kuanzia kichwani hadi nyayo. Akaleta pampu. Akajaza nyuma, nikakaa, nikasema bado. Akajaza mbele, nikakaa, nikasema bado. Akaonya kwamba hiyo robo yenyewe sasa haipo. Nikamwambia robo tutaila siku nyingine. Tukaenda hivyo mpaka ikawa imara kama benchi la zahanati. Akasema sasa hata tembo. Nikamwambia achunge ulimi.

Mjukuu wangu ana uzito wa nguo zilizoloa. Chini yake haitabonyea hata unywele. Nimerudi na moyo mweupe.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Amefanya zamu mbili ili apewe ruhusa ya kesho. Baiskeli hakuigusa. Nimemkanda miguu. Nikamwambia, mke mwenzangu, babu yako angekuona. Marehemu mume wangu alikuwa akimwita mjukuu huyu mke wake mdogo, tangu anatambaa. Akacheka. Akasema nashangaa bibi umeacha kuilalamikia baiskeli. Nikasema mtu hukua.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Amerudi kwa miguu, anaisukuma. Kiwiko kimefungwa bandeji, kidevu kimechubuka. Nimemfungua mdomo kabla hajasalimia. Meno yote yapo. Nimehesabu mara mbili.

Anasema kwenye mawe ilimrusha kama kunde kwenye kikaango. Kila jiwe lilimfikia. Ameanguka mara mbili, wengine wakampita. Msimamizi wa msitu, mama mmoja asiyepoteza maneno, akamwambia miguu yako mizuri, chombo chako kibovu. Jumatatu njoo na kingine au usije.

Kingine cha bei hiyo hakipo. Akasema, bibi, ulisema kweli tangu mwanzo. Kesho naipeleka dukani, na ya mlimani yameisha. Kisha akachukua gwanda lake la kiwandani akaanza kulipiga pasi.

Nimeshinda. Nimekaa na ushindi wangu jikoni. Hauna chumvi.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Asubuhi akawa anaitoa. Nikasimama mlangoni, na nikisimama mlangoni hapiti mtu. Nikasema baiskeli haina kosa. Nikasema fundi aliijaza upepo mwingi. Akauliza kwa uzito wa nani.

Akatazama kiti. Akanitazama mimi. Akatazama kiti tena. Alicheka mpaka akashika kidevu chake kilichochubuka, kisha akalia, kisha akanikemea kama mimi ndiye niliyelelewa. Akasema bibi, utaniua kwa kunipenda. Nikasema najua. Hilo nimelisema kwa sauti ndogo, na silirudii.

Tukaenda kwa fundi. Upepo ulitoka muda mrefu mno, watu wakageuka. Fundi aliinamia pampu, mabega yake yakicheka. Mjukuu akakaa. Ikashuka robo. Akazunguka mtaa, akapanda ngazi za duka la nafaka na kuzishuka, na kichwa chake hakikutikisika.

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Amepata kazi! Ameshuka wa kwanza. Msimamizi akamuuliza chombo hiki kipya amekitoa wapi, hakuamini kuwa ni kile kile. Jirani nimemwambia niliijaribu mimi mwenyewe, kila kiungo, ndiyo maana.

Mjukuu ameniapisha nisiiguse tena baiskeli. Nimeapa. Baiskeli.

Kofia ngumu hakuitaja. Wamempa kazini, bure, avae kila siku. Nyepesi kama ganda la yai. Bure, tena nyepesi. Alipokwenda kuoga nimeiweka sakafuni, nikaikalia kwa adabu zote. Ikalia ka. Nilijua tu. Kofia ya kuzuia mlima mzima imeshindwa na bibi mmoja aliyeketi.

Nimeisukumia uvunguni mwa kitanda. Kesho avae sufuria yangu ya maziwa, inamtosha hadi masikioni. Hiyo nimeshaikalia.