Kamati ya Kumsafisha Mla Unga

Iwe taarifa kwa wananchi wote, wa mjini na wa visiwani: enzi zile za ruksa, Mwanza iliunda Kamati ya Kuhakikisha Filamu ya Dawa za Kulevya Haina Uhusiano Wowote na Mwanza. Katibu wake alikuwa Nestory, afisa utamaduni, mtu mtiifu kiasi cha kugonga mlango wa ofisi yake mwenyewe kabla ya kuingia.

Utiifu huo ulikuwa na sababu. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na orodha ya majina ilikuwa mezani kwa mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Ngosha. Nestory alikuwa wa nne. "Filamu ipite bila kumkera mgeni rasmi," aliambiwa, "nami nitalifuta jina lako."

Filamu yenyewe ilipigwa na Nasma, binti aliyezoea video za harusi. Ilimhusu kijana mwembamba aliyeachishwa kazi kiwandani Nyakato, akawa analala kwenye baraza za maduka, akaishia kwenye unga ulioshushwa kwa magendo ufukweni. Nestory alipoiona alilia machozi ya kweli, maana vijana wa namna hiyo aliwajua kwa majina. Kisha akapangusa uso, akaiita kamati.

"Ameachishwa kazi?" Ngosha akashtuka. "Kiwanda hakijafungwa. Kinasubiri mwekezaji. Huyu apewe kazi."

"Kazi gani, mzee?" Nasma akauliza.

"Ya kudumu. Serikalini."

"Na asilale barazani," akadakia Wilhelmina, mjumbe wa kamati. "Mkoa huu hauna watu wa hivyo. Tulishapitisha azimio."

Basi Ngosha akaagiza kijana apewe nyumba ya mlimani, inayotazama ziwa. Wembamba nao ulikataliwa, kwani ungeweza kutafsiriwa kuwa ni njaa. Nasma, aliyetakiwa kuipiga filamu upya, akahangaika mpaka akampata Seif, muuza nyama wa Nyegezi mwenye kitambi cha kuridhisha. Suti ya kumtosha haikupatikana, hivyo Ngosha, kwa uzalendo, akamwazima yake ya kijivu pamoja na gari la ofisi.

Likabaki suala la unga.

"Ufukwe wetu hauna magendo," alisema Ngosha. "Aulete mwenyewe kutoka ng'ambo."

"Ng'ambo anakwendaje, mzee?"

"Semina, binti! Kwani watu wanakwendaje?"

Nestory aliandika yote kwenye muhtasari. Kuna kitu kilimkwaruza rohoni kama mwiba wa sato, lakini mwenye orodha hasahihishwi.

Siku ya uzinduzi ukumbi pale Nyamagana ulijaa mpaka madirishani. Mgeni rasmi alitoka Dar. Kwenye televisheni akatokea Seif, kitambi mbele, anashuka garini katika suti ya kijivu, katoka semina. Akafungua mkoba, akanusa unga. Watu wakacheka. Halafu wakageuka, safu baada ya safu, kumtazama Ngosha, aliyekuwa amevaa suti ileile.

"Loo! Mzee kaamua kujianika!" mtu akapaza sauti kutoka dirishani.

Mgeni rasmi akamshika Ngosha bega, machozi yakimlengalenga. "Ndugu yangu, ulianza lini?"

"Mimi? Siyo mimi! Hiyo ni filamu!"

"Usione haya. Viongozi wenye ujasiri huu ni wachache." Akasimama, akatangaza likizo ya matibabu isiyo na kikomo. Kuanzia kesho, Nestory angekaimu kiti, pamoja na orodha zote zilizo mezani.

"Katibu, waambie!" Ngosha akapiga kelele. "Muhtasari unao wewe!"

Kweli alikuwa nao. Nestory akasimama, akausoma kwa utiifu bila kuruka nukta: "Mwenyekiti aliagiza mhusika akae nyumba ya mlimani. Mwenyekiti alieleza jinsi unga utakavyoletwa kutoka ng'ambo. Mwenyekiti alitoa gari."

"Inatosha, katibu," mgeni rasmi akasema kwa huruma. "Ameshaungama vya kutosha."

Manesi wawili wa huduma ya kwanza wakamtoa Ngosha nje polepole, kama mwali.

"Mkoa huu hauna mla unga hata mmoja!" alilia.

"Ni kweli, baba," akajibu mgeni rasmi, akimfungulia mlango wa gari la wagonjwa. "Tukishakutibu wewe, hautakuwa naye."