Tarumbeta Iliyochelewa Kuingia

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiunga na Duara. Jina kamili ni Duara la Wasikilizaji wa Jazi: watu wanne sasa, nami nikiwemo, katika chumba cha nyuma cha maktaba, kila Alhamisi saa kumi alasiri. Kila mtu anasoma ukurasa mmoja kuhusu alichokuwa akisikiliza siku hizi. Muziki wenyewe haupigwi pale. Unasemwa tu. Kazi ninayoiweza.

Sababu ya kujiunga ni Mwalimu. Ni mama aliyestaafu kufundisha piano, mwezi huu anahamia kwa binti yake, na chumba alichotengewa huko kinaenea kitanda na yeye mwenyewe. Santuri zake mia mbili hazina pa kwenda. Ametangaza kwamba atamwachia mwana-Duara mmoja, zote kwa pamoja. Hataki mtu wa kuzipanga ukutani, amesema. Anataka mtu wa kukaa chini azisikilize.

Nimeshapima ukuta. Zinaenea, tukiondoa kioo cha wateja wa Dada.

Dada ni mkubwa wangu, fundi cherehani, anashonea chumba cha pili. Nilimgusia habari ya kioo. Alisema kitaondoka kioo siku nitakayoondoka mimi, na akauliza tuanze na kipi.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mimi ni karani wa vitu vilivyopotea pale stesheni ya treni. Mwaka wa kumi na moja huu. Watu wananiita Bwana Miavuli. Mwenye santuri mia mbili haitwi hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanzo mbaya. Nilikwenda na santuri ya marehemu baba: bendi ya dansi, magitaa matatu, kuimba kwa zamu. Mfamasia wa duka la dawa la kona akaishika kwa ncha za vidole kama cheti cha kughushi, akauliza jazi iko wapi hapo. Nikamwonyesha. Imeandikwa mwishoni mwa jina la bendi, kwa herufi kubwa.

Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Mwalimu akaniambia nisione haya, bendi tele zilijiita hivyo na muziki wake ni mtamu, ila Duara linasikiliza ile jazi nyingine. Mkutubi alikuwa usingizini. Mkutubi hulala.

Huyu Mfamasia ndiye mwenye kunisumbua. Anajua nani alipiga besi mwaka gani, na alikuwa na mafua siku hiyo au la. Anasoma ukurasa wake kwa sauti ya mara-tatu-kwa-siku-baada-ya-chakula. Ana uhakika santuri ni zake.

Mwalimu ameniazima moja ya kuanzia. Sina gramafoni. Hilo sikulitaja.

Jumanne, 11 Machi

Nimemaliza ukurasa wangu. Jalada la santuri lina picha ya barabara yenye mvua na taa moja. Linatosha. Nimeandika mvua mara nne na taa mara mbili. Ili nisionekane wa kubahatisha, nimeongeza tarumbeta. "Inachelewa kuingia," nimeandika, "kama mgeni anayejua kwamba chakula hakijaiva."

Nimeusoma kwa sauti mbele ya kioo cha Dada. Dada alikuwa anampima mteja. Mteja aliuliza kama mimi ni mzima. Dada akasema tumezoea.

Alhamisi, 13 Machi

Ushindi.

Nilisoma taratibu, nikinyamaza mahali pa kunyamaza. Nilipomaliza, Mfamasia akakohoa, akasema kwa adabu zake za dukani kwamba santuri ile ina piano, besi na ngoma. Basi. Tarumbeta haimo.

Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Mdomo, Mungu aubariki, ukabaki mahali pake. Nikamjibu kwamba ndiyo maana nimesema inachelewa.

Halafu Mwalimu akaanza kucheka, akacheka hadi akatafuta leso. Akasema miaka arobaini anaisikiliza ile santuri na hajawahi kufikiria nani hakuja. Akaahidi kuirudia jioni hii hii, akimsubiri.

Mfamasia akauandika uso wangu kwenye orodha ya sumu.

Kisha likaja jambo. Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho, na hapo Mwalimu atachagua wa kumwachia. Sote tutasikiliza santuri moja, nyingine kabisa, kwa kupokezana: kwanza Mfamasia, kisha Mkutubi, mwisho mimi. Mwalimu ameitia kwenye bahasha ya khaki isiyo na neno, na lebo ya katikati ameibandika karatasi nyeupe. Alisema anataka tusikilize kwa masikio, na aliposema masikio alinitazama macho.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda duka la dawa kupeleleza. Nilijitia kikohozi. Mfamasia akaniuliza kikavu au chenye makohozi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nikasema kinabadilika. Akanimiminia kijiko cha dawa nyeusi papo hapo, akasimama kuhakikisha inashuka.

Nikamuuliza juujuu, ile santuri ameionaje. Akasema ni ya polepole sana, Bwana Miavuli, polepole mpaka inauma, usiiharakishe.

Anadhani mimi mtoto. Adui hakupi majibu bure. Sasa najua jambo moja la hakika: santuri ni ya mbio.

Mdomo bado mchungu.

Jumanne, 18 Machi

Gramafoni imepatikana. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya magongo ya kutembelea, imekaa huko tangu kabla sijaajiriwa. Ina kitambulisho kwa mwandiko wa karani aliyenitangulia: "Gramafoni. Treni ya saa mbili. Inakimbia." Namwelewa kabisa yule mzee. Mwenye mali alishuka kwa pupa, treni ikaondoka nayo. Mambo ya kila siku kwetu.

Kanuni inasema mali ikaguliwe. Nimeipeleka nyumbani kukaguliwa.

Mkutubi ameniletea bahasha dirishani kwangu. Nikamuuliza ameionaje. Akasema amelala vizuri.

Nimeisikiliza. Hapa sina budi kusema kitu ambacho sikukitegemea: nimeipenda. Anaimba msichana, wa miaka kumi na miwili hivi, sauti nyembamba, maneno yanamwagika kama shanga zilizokatika uzi. Piano inamfuata mbio nyuma, ngoma inawakimbiza wote wawili. Nilikaa chini. Niliirudia mara tano. Sikumbuki lini nilikaa chini mara tano kwa jambo lolote.

Na Mfamasia anasema polepole! Nilimcheka peke yangu chumbani.

Jumatano, 19 Machi

Ukurasa bora niliowahi kuandika, na kila neno nimelisikia kwa masikio yangu. Nimeandika kwamba ni msichana anayeruka kamba, na kamba ni maisha. Nimesisitiza kwamba msikilizaji mzembe atauona muziki huu kuwa wa polepole. Hapo nitamtazama Mfamasia.

Dada ameingilia. Aligonga ukuta kwanza, akauliza nani anamkimbiza yule mtu. Nikamwambia ndiyo jazi. Akaja na sindano mdomoni, akasimama juu ya gramafoni kama anakagua pindo, halafu akaweka kidole ukingoni mwa santuri. Kidole! Mali ya Mwalimu! Sauti ikaanguka, ikawa nzito, ikakokota. Dada akakaa hivyo dakika nzima, macho ameyafumba. Akasema, mdogo wangu, sasa anasema.

Nikauondoa mkono wake. Nilimwambia kila mtu ashike kazi yake, mimi siweki kidole kwenye cherehani yake. Akarudi kumalizia gauni la safari ambalo Mwalimu ameagiza kwake. Nimefuta alama ya kidole kwa kitambaa cha flana.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika.

Dada alikuja nami maktaba kwa kuwa ndiyo njia yake: gauni lilikuwa tayari na Mwalimu anasafiri Jumamosi. Akakaa kiti cha mlangoni, gauni limelala magotini.

Mfamasia alisoma wa kwanza. Mzee amefiwa na mkewe, alisema, anaimba kwa sauti ya chini ya kisima, piano inampa maneno moja moja. Alisoma vizuri, nakiri. Nilimhurumia. Mtu na maarifa yote yale, na hatofautishi msichana na mzee.

Mkutubi alikuwa amelala, zamu ikawa yangu. Nikasimama. Msichana. Miaka kumi na miwili. Kamba. Nilipofika kwenye msikilizaji mzembe nilimtazama Mfamasia, naye hakuonekana kuchomwa. Alionekana mtu anayemwangalia mwenzake akitembea kuelekea shimo, na hajui amwite au amwache.

Mwalimu aliuliza, kwa upole mwingi, nilitumia gramafoni gani. Nikamweleza. Mtu asiye na la kuficha hueleza. Nikamtajia hadi maneno ya kitambulisho: treni ya saa mbili, inakimbia.

Hapo Mkutubi akafumbua jicho moja, mara ya kwanza katika historia ya Duara. Akauliza ni nini kinachokimbia. Nikasema treni. Akasema treni zote zinakimbia, hakuna karani anayekaa kuandika hilo. Kisha akalifumba.

Mfamasia, mtu mkatili, hakucheka. Alinipa glasi ya maji.

Nilijitetea. Nilisema mimi walau nimesikia kitu kipya. Mwalimu akakubali, akasema kwa kweli nimesikia santuri ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeisikia. Mpaka sasa sijui kama ilikuwa sifa.

Halafu Dada, ambaye hakuulizwa, akasema kutoka mlangoni kwamba si msichana. Kwamba ukiizuia kidogo kwa kidole anatokea baba mmoja mzima, na hadhani amefiwa, samahani Bwana Mfamasia. Anayelia hasemi polepole vile. Yule ni mtu anayezungumza kwa sauti ya chini kwa sababu kuna mtu amelala chumba cha pili.

Mwalimu akaweka kikombe chake mezani. Akamuuliza alijuaje kuizuia. Dada akasema cherehani ikikimbia kuliko mkono, uzi unakatika. Mtu unasikia kabla hujaona. Mwalimu akamuuliza ameisikiliza mara ngapi. Dada akasema dakika moja, kisha akafukuzwa.

Wote wakanitazama. Nikanywa maji.

Zile dakika zilizofuata nitaziandika kwa ufupi. Mwalimu alijaribu gauni nyuma ya rafu za kamusi. Lilimkaa. Alipotoka alikuwa ameshaamua, na hakuzunguka. Santuri ni za fundi. Pamoja na gramafoni yake yeye, ile nzima.

Nilisimama kwa hoja ya katiba: Dada si mwana-Duara. Mwalimu akamwandikisha pale pale.

Mfamasia alikuwa amekunja ukurasa wake vipande vinane. Akampa Dada mkono, akamuuliza kama atakubali watu waje kusikiliza siku moja moja. Dada akasema waje, bora wasizungumze.

Ijumaa, 21 Machi

Nimezitafakari habari za jana bila hasira, na picha ni nzuri kuliko nilivyodhani. Nilitaka santuri ziingie nyumba hii. Zinaingia kesho. Nilitaka Mfamasia asizipate. Hakuzipata. Mtu akinihukumu kwa matokeo, mimi ndiye mshindi wa Duara, isipokuwa kwa jambo dogo la mwenye mali.

Gramafoni nimeirudisha nyuma ya magongo. Kitambulisho nimekibadilisha. Sasa kinasema: "Imekaguliwa."

Jumapili, 23 Machi

Mwalimu aliondoka jana. Santuri ziko chumba cha pili, chini ya meza ya kukatia, kioo hakikuguswa. Leo Dada hakushona. Amekaa kwenye kiti cha wateja tangu asubuhi, anapiga moja, anaigeuza, anapiga nyingine. Wamekuja Mfamasia na Mkutubi. Wamekaa kwenye vitambaa. Nilichungulia mara moja. Mkutubi alikuwa macho.

Nimelichoka Duara. Nimeanzisha changu: Chama cha Wachambuzi wa Jazi, makao makuu stesheni ya treni, mwenyekiti mimi. Tangazo nimelibandika asubuhi dirishani kwangu, kati ya miavuli. Kikao cha kwanza ni Alhamisi saa kumi, makusudi. Nitafungua kwa kurasa tatu kuhusu santuri ya bahasha, sauti nzito na mtu aliyelala chumba cha pili. Aya ya kwanza ina mvua.

Sasa hivi Dada amegonga ukuta. Anasema mdogo wangu, njoo, ndiyo naiweka ile yenyewe, kiti kipo, njoo ukae uisikie kwa mwendo wake.

Nimemjibu apunguze sauti, ninaiandika.