Senene Hawajafika Kwenye Skrini

Jumatatu, 17 Novemba 2025

Nimepata dawa ya Ta Rutaihwa! Mzee huyu, baba yake mpenzi wangu Ephrasia, amesema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu ambaye kazi yake haionekani. Nimemweleza mara nyingi kwamba natengeneza programu za mtandao. Akauliza kama zinaliwa. Sasa zitaliwa.

Msimu wa senene, panzi wetu watamu, umefika na Bukoba nzima inauliza wameshukia wapi. Natengeneza ukurasa wa simu utakaojibu. Watu wa kila kata watatuma taarifa alfajiri. Kipande kimoja cha programu, tunakiita huduma, kitakwenda kuzichukua. Kipande kingine, kijenzi, kitazionyesha kwenye skrini. Rahisi! Ta Rutaihwa anapenda senene kuliko anavyopenda majirani zake. Naona tayari ananiita mkwe.

Jumanne, 18 Novemba

Ukurasa umefunguka vizuri sana. Umeandika: Hakuna senene popote. Wakati huohuo watu wa Hamugembe wanapita mbele ya ofisi na ndoo zimejaa.

Mwesiga, ninayekaa naye meza moja kazini, amechungulia bila kualikwa. Akasema kijenzi changu hakingoji. Huduma bado iko njiani, chenyewe kimeshatangaza kwamba hakuna kitu. Eti napakua ndizi kabla hazijaiva, halafu nailaumu sufuria. Dawa yake, kijenzi kijiandikishe kwa huduma, kiitwe taarifa zikifika, ndipo kionyeshe. Mistari michache tu, na yuko tayari kunionyesha.

Nimemshukuru. Sitaki. Mwesiga huyu aliwahi kumpa Ephrasia lifti siku ya mvua, na mpaka leo hajajieleza vizuri.

Jumatano, 19 Novemba

Nimegundua njia yangu mwenyewe. Kijenzi kinahesabu sekunde tatu, kisha kinaonyesha kilichopo. Ofisini kimefanya kazi! Nimemwita Mwesiga aone. Akaangalia, akauliza mtandao wa Izigo, kwa akina Ephrasia, ukoje. Wivu huo.

Jioni Ephrasia amejaribu akiwa kwao Izigo. Hakuna senene popote. Nikaongeza sekunde. Hakuna. Nikaongeza tena. Amesema baba yake amechoka kuishika simu, amekwenda kuwaona ng'ombe.

Alhamisi, 20 Novemba

Akili ni mali. Ta Rutaihwa amekubali kujaribu kesho alfajiri, kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo nimekipa kijenzi jibu la kuanzia, kisikae mikono mitupu huduma ikiwa njiani: Senene wengi, Izigo, kwa Rutaihwa. Mzee atafurahi kuona jina lake. Taarifa za kweli zikifika, zitalifuta.

Nimeutuma ukurasa kwenye makundi yote ya WhatsApp: la kwaya, la ukoo, la tuliosoma pamoja. Mwesiga ameuliza ni nani atakayekiambia kijenzi kwamba taarifa za kweli zimefika. Nimemwambia aache kufuatilia mambo ya watu.

Ijumaa, 21 Novemba

Hakuna aliyekiambia.

Huduma ilileta taarifa sahihi kabisa: senene wameshuka Kitendaguro. Lakini kijenzi kilikuwa kimeshashika jibu langu, hakikusikia jingine. Alfajiri bodaboda zikajaa uani kwa Ta Rutaihwa. Ndoo, magunia, vyandarua. Kwaya yetu karibu yote! Wamekanyaga maharage, wamevunja miche ya kahawa, na mama mmoja amemshutumu mzee kwamba kawaficha senene ndani. Ephrasia alinipigia akilia. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nampenda huyu msichana, na nimemtia fedheha kwao.

Nimemwomba Mwesiga. Ameandika mistari yake michache huku akinywa chai. Sasa skrini inasema: Subiri, taarifa zinakuja. Zikija, zinaonekana, hata Izigo. Inaudhi sana.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda Izigo kuomba radhi. Nimepanda maharage upya, Ta Rutaihwa amekaa kwenye kiti akinisahihisha mistari. Mgongo umekwisha. Mchana akaomba simu, akafungua ukurasa, akasubiri, akaona senene wako Hamugembe leo. Akatabasamu! Kidogo, lakini nimeona.

Nikapiga magoti palepale kwenye matope, nikauliza kama naweza kuja na wazee wangu kujitambulisha. Akasema kwa upole wa Kihaya, waitu, mambo haya hayana haraka. Atazungumza na ndugu zake, kisha atatoa jibu.

Ephrasia amenisindikiza mpaka barabarani. Amenisihi nisifanye lolote mpaka anipigie. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wiki hii imenifundisha kusubiri. Akanishika mkono muda mrefu.

Jumapili, 23 Novemba

Hajapiga.

Baada ya ibada nimewaambia baba wadogo kwamba mzee amekubali. Wamefurahi mno. Gari limekodiwa, suti iko kwa fundi, pombe ya ndizi, rubisi, imeagizwa. Tunakwenda Jumamosi. Jibu litatukuta njiani.