Mikono Inayong'aa

Jumatatu, 7 Juni 2021

Nyundo. Sauti hiyo imenikaa kichwani tangu asubuhi: ko, kimya, ko. Ilisikika nyuma ya maneno ya Winfrida wa Genkuru, kwenye ujumbe wa sauti aliotuma kwenye kundi letu la simu. Alikuwa akiponda mawe ya dhahabu huku akitusimulia habari za mbuzi wake mgonjwa. Nimeusikiliza mara kumi na moja. Mtu anayeongea hivyo, bila kuacha kazi, bila kujipamba, ndiye rafiki ninayemhitaji. Nina shahada. Nina vitabu. Rafiki sina, na si haki.

Kundi linaitwa Wanawake wa Dhahabu Mara. Niliingia wiki iliyopita kwa jina la Mama Mwalo, mmiliki wa sehemu ya kuoshea dhahabu yenye vibarua tisa. Kwa kweli naishi mjini Tarime, Nyamisangura, kwa shangazi, na jiwe lenye dhahabu sijawahi kulishika. Lakini urafiki huhitaji mlango wa kuingilia. Nimejichongea wangu. Kazi safi!

Jumanne, 8 Juni

Kuna mtu anaitwa Kauthar. Anauza vitenge sokoni hapa Tarime. Leo kaingia kundini, katoa salamu, kasema dhahabu anaijua ya masikioni tu, ila amependa mazungumzo yetu. Uzembe wa ajabu! Wamempokea kwa vigelegele. Wamemuuliza hali ya mama yake. Mimi, mwenye vibarua tisa, waliniuliza tu kama nina kibali.

Nimemwandikia Winfrida pembeni, aya tano, juu ya upweke wa sisi tunaomiliki. Akajibu kwamba pole dada, kazi ni kazi, umekula?

Umekula! Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo asiyekuwa ndugu yangu. Nimejibu kwamba nimekula na vibarua.

Alhamisi, 10 Juni

Mpango: picha. Picha ikionekana, maswali yanakwisha. Nimeazima karai la shangazi la kufulia, nikashuka mtoni, nikatia mchanga, nikainama kama wanavyoinama. Mikono ikaonekana mikavu, haina hadhi. Nikaipaka mafuta ya mgando mpaka viwikoni. Iling'aa mno! Nikatuma na maneno: jasho letu, fahari yetu.

Kisha Mama Mogesi, mkuu wa kundi, anayeosha dhahabu tangu kabla sijazaliwa na ambaye sote humwandikia shikamoo kila asubuhi, akatuma sauti yake. "Mwanangu, ukiosha na mafuta mikononi, chenga zote za dhahabu zinaelea na kwenda na maji. Nani amekufundisha kazi?"

Kundi zima likacheka. Mmoja akauliza kama naosha dhahabu au nakaanga. Kauthar peke yake aliandika kwamba hata yeye asingejua. Sikuomba utetezi wa muuza vitenge.

Ijumaa, 11 Juni

Leo Winfrida hajaniuliza kama nimekula. Chai imenishinda. Saa sita nikamwandikia yote: jina langu Waisiko, shangazi, karai, vibarua ambao hawajawahi kuzaliwa. Niliandika kwa mikono mikavu. Bila mafuta.

Saa nane akapiga simu. Hakufoka. Alisema alijua tangu Jumanne, maana mwenye vibarua tisa hana nafasi ya kuandika aya tano. Halafu akasema, nanukuu neno kwa neno:

"Jumapili njoo Genkuru, tuponde mawe, tule. Njoo kama ulivyo. Uongo mmoja tena, hata mdogo kama sindano, mimi na wewe basi."

Nikalia kidogo. Nimeshinda! Njia ya ukweli ni fupi kabisa. Nashangaa watu hawaitumii.

Jumamosi, 12 Juni

Kesho ndiyo siku. Nimenunua mabuti ya mpira. Tatizo: ni mapya. Winfrida akiyaona atasema huyu bado anaigiza. Nimewaza kwa utulivu, kama msomi. Nikayapeleka kwa Ashiraf, fundi viatu, ayakwaruze kwa msasa na kubandika kiraka kisigino cha kushoto. Akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba natafuta uhalisia. Akasema yeye ana mabuti yaliyochakaa kweli, nichukue bure. Nikakataa. Kuvaa mabuti ya mtu mwingine ni udanganyifu.

Yametoka vizuri sana. Nimemtumia Winfrida picha na kumweleza kwamba nimeyarithi kwa marehemu bibi yangu, aliyechimba miaka thelathini. Hadithi ilihitaji uzito. Winfrida amenipa pole nyingi. Amesema mama yake aliwafahamu wachimbaji wote wanawake wa zamani, kesho atataka kusikia habari za bibi.

Hakuna wasiwasi. Saa kumi nimempigia bibi simu Nyamwaga, nikamkuta anapalilia migomba yake. Nikamwamkia, nikamwomba asionekane gulioni mpaka mwezi uishe.